Vijiti Visivyo na Namba

Mwaka 1976 kampuni ya Texas Instruments ilitoa Little Professor, kikokotoo cha watoto chenye sura ya mzee wa sharubu na miwani. Kikokotoo cha kawaida unakiuliza, kinajibu. Hiki kinauliza chenyewe, mtoto ndiye ajibu. Akikosea kinaandika EEE. Akikosea mara tatu kinamtolea jibu. Wapenzi wa vitu vya zamani bado wanakitafuta. Mimi sikisifu. Ni mtihani uliotiwa betri. Anayejua 7 mara 8 atapata alama yake, asiyejua ataambiwa amekosa, basi. Kwa nini iwe 56? Mzee wa sharubu hana la kusema.

Ninachokisifu ni cha zamani zaidi, na hakina hata waya. Georges Cuisenaire, mwalimu wa mji wa Thuin, Ubelgiji, alichapisha kitabu mwaka 1952 kuhusu vijiti vya mbao alivyowatengenezea wanafunzi wake. Mwaka uliofuata Caleb Gattegno, mwalimu wa hisabati, aliviona, akavinadi nchi nyingi. Vina urefu wa aina kumi, sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake. Namba haijaandikwa popote. Rangi nazo zina mpango: 2, 4 na 8 ni ukoo wa wekundu, 3, 6 na 9 ni wa kijani na buluu, 5 ni njano na 10 ni chungwa. Saba ni nyeusi, imejitenga, maana ndani ya kumi haina ndugu.

Mtoto akilaza cheusi kando ya cha chungwa anaona pengo, anajaribu hiki na kile mpaka kijani mpauko, yaani cha 3, kinaenea. Ameshafanya 10 kutoa 7. Akipanga vyekundu, vya 2, kando ya cha buluu, cha 9, vinne vinaingia, cha tano kinachomoza. Hakuna wa kumwandikia EEE. Kosa analiona na kulirekebisha mwenyewe.

Huku kwetu wengi tulianza na vizibo vya soda na njiti za ufagio. Ni vya bure, na kwa kuhesabu vinafaa sana. Lakini vizibo vyote vinalingana, kwa hiyo saba ni rundo tu, na kila swali mtoto anaanza upya: moja, mbili, tatu. Si ajabu kumkuta wa darasa la tatu anajumlisha 8 na 5 kwa vidole. Kijiti cheusi ni saba kwa mkupuo.

Kasoro vinazo. Cheupe, cha sentimita 1, kinamezeka, visiachwe karibu na mtoto anayetambaa. Asiyetofautisha nyekundu na kijani atategemea urefu, ambao kusema kweli unamtosha. Bei ya seti za kuagiza nayo si kisingizio: fundi seremala akichonga ufito wa sentimita 1 kwa 1, seti ya kimoja kimoja inakula sentimita 55 tu, ukiacha unga wa msumeno. Pakeni rangi, pigeni msasa kingo. Ila namba msiandike, hata mwalimu mkuu akisisitiza.