Vigezo vya Jenereta Vipimwe, Visinakiliwe

Nimemaliza kusoma ripoti ya uthabiti wa gridi, na kilichoniudhi ni jedwali moja la kiambatisho, ambamo riaktansi zote za jenereta (kiasi ambacho koili zake huzuia mkondo unaobadilika) na hata inesha ya rota (ukaidi wa sehemu inayozunguka dhidi ya kubadilishwa kasi) zimenakiliwa kutoka karatasi za kiwandani, bila dalili yoyote kwamba kuna aliyewahi kuipima mashine yenyewe. Maamuzi mazito yamejengwa juu ya namba hizo.

Tarehe 10 Agosti 1996 gridi ya magharibi mwa Amerika Kaskazini ilisambaratika, na wateja wapatao milioni 7.5 wakakosa umeme. Wahandisi walipoliiga tukio lile kwenye kompyuta kwa data waliyokuwa nayo, modeli ilionyesha mitikisiko ikitulia, ilhali vinasa kumbukumbu vilionyesha ikikua hadi mfumo ukakatika. Baada ya hapo jenereta za ukanda ule zilianza kupimwa. Sisi tunasubiri nini?

Jaribio lenyewe linawezekana hapahapa kituoni. Jenereta huachwa kwenye gridi bila kutoa megawati, ikivuta megavari kiasi tu (umeme wa kujenga sumaku, usiofanya kazi), mkondo wa rota ukidhibitiwa kwa mkono, kisha hukatwa kutoka kwenye gridi. Volteji hudondoka papo hapo, halafu huendelea kushuka polepole: mdondoko wa kwanza ukigawanywa kwa mkondo uliokatika hutoa riaktansi ya mwanzo, kasi ya kushuka hutoa muda ambao sumaku ya koili ya rota huchukua kufifia, na kiwango cha mwisho hutoa riaktansi ya kudumu. Ukiikata jenereta ikiwa inatoa megawati, kasi ya rota kupanda hukupa inesha, ambayo hupimwa kwa sekunde: nishati ya mzunguko ikigawanywa kwa uwezo wa mashine. Ukikata mzigo wa asilimia 10 ya uwezo huo kwenye gridi ya Hz 50, rota yenye inesha ya sekunde 2.5 huanza kupanda kwa Hz 1 kila sekunde. Yenye sekunde 3.5 hupanda kwa Hz 0.7. Katika bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine 9 za MW 235 kila moja, mashine moja ikitoka ghafla, inesha ya zilizobaki gridini ndiyo inayoamua frikwensi ianguke kwa kasi gani. Namba hiyo haifai kubahatishwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba shoti ya ghafla ya fezi tatu, jaribio jingine la kupima riaktansi, hutesa koili, na mwenye mashine ana haki ya kuikataa. Mhimili wa pili wa rota, ulio kati ya ncha zake za sumaku, nao ni mgumu kupima, kwa kuwa pembe ya rota lazima ijulikane.

Uigaji una kazi yake baada ya kipimo: jaribio lilelile huigwa, mikunjo miwili huchorwa kwenye grafu moja, na vigezo hurekebishwa. Hata hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufichana na mikunjo ikalingana. Kila kigezo kitolewe kwenye sehemu ya mkunjo kinayoitawala. Na koili zikisukwa upya, kazi ianze tena.