Visiwa vya mbali: tuvitembelee au tuviache?

Hapa Lubumbashi, bahari ikitajwa, wengi huwaza Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko yanakoelekea malori mengi ya shaba yanayovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, na mwenye akiba kidogo huongeza Zanzibar. Wapo hata hivyo wanaotamani visiwa vya mbali zaidi, ambavyo watalii hawajavizoea, na hao hukutana mara moja na hoja nzito: je, si heri visiwa hivyo viachwe kama vilivyo?

Saint Helena, kisiwa cha Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, kina wakazi wapatao 4,400. Kwa miaka mingi kilitegemea meli moja iliyochukua siku kama tano kutoka Cape Town. Uwanja wa ndege uligharimu takriban pauni milioni 285, yaani zaidi ya pauni 60,000 kwa kila mkazi, na ulipokamilika mwaka 2016 safari za kawaida zilikwama kwa sababu ya upepo unaobadilika ghafla karibu na njia ya kutua. Ndege za abiria kutoka Johannesburg zilianza Oktoba 2017. Waliolalamikia gharama hiyo hawakukosa sababu, lakini mgonjwa mahututi ambaye zamani angengoja meli, leo anaweza kufuatwa na ndege. Upweke ambao mgeni anaulipia kwa wiki moja, mwenyeji anaulipia maisha yake yote, na vijana wengi wa kisiwa hicho wameukimbia kwenda kutafuta kazi Ascension, Falkland na Uingereza. (Sisi ambao ndege ya Kinshasa ikiahirishwa hatuna barabara ya maana ya kuifikia, tusione hilo kuwa jambo dogo.)

Wanaotaka visiwa viachwe huelekeza kidole Palau, nchi ya Pasifiki yenye watu wasiozidi 20,000, ambayo mwaka 2015 ilipokea wageni zaidi ya 150,000. Tangu Desemba 2017 kila mgeni hutia sahihi, ndani ya pasipoti yake, ahadi ya kutunza mazingira kwa ajili ya watoto wa Palau. Ni jambo jema, ingawa sahihi haipunguzi maji taka.

Lakini kuachwa pekee hakutoshi. Aldabra, huko Ushelisheli, haina wakazi isipokuwa wahifadhi na watafiti wachache, na ina kobe wakubwa wapatao 100,000. Mwaka 2019 zilikusanywa humo tani 25 za taka, nyingi zikiwa zana za uvuvi zilizoletwa na mawimbi.

Kwa Mkongomani ningependekeza Mwali, katika Visiwa vya Komoro, ambako Kifaransa kinatumika na lugha ya wenyeji ni ndugu ya Kiswahili. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2001. Katika kijiji cha Itsamia kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai, na mgeni anayetaka kuwaona huzima tochi, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumrudisha kasa majini kabla hajataga. Majangili huwawinda kwa ajili ya nyama, kwa hiyo ada ya mgeni anayelala na kula kijijini humpa kasa aliye hai thamani ambayo vinginevyo angekuwa nayo sufuriani tu. Meli za kitalii zinazoshusha mamia ya watu kwa saa chache, kisha wakarudi kula melini, hazina utetezi huo, na kuhusu hizo nakubaliana kabisa na wanaosema visiwa viachwe.