PixInsight au Siril? Programu za picha za nyota kwa sisi wa Tanga

Kuna swali linazunguka sana siku hizi kwa wapiga picha wa hapa Tanga walioanza kugeuza kamera zao juu angani, wengi ni watu wa harusi na maulidi tu wamejikuta wameipenda Njia Nyeupe: mtu atoe hela anunue PixInsight au abaki na za bure, Siril na wenzake? PixInsight ni euro 300, kwa hela yetu ni kama laki nane na nusu hivi, inapanda inashuka na euro, na anayeuliza mara nyingi kamera yenyewe kanunua mtumba na lenzi kaazima. Kwa hiyo swali ni zito na linastahili jibu la maana, sio lile la "inategemea" halafu mtu anakuacha hapohapo.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa anga letu na vifaa tulivyonavyo, za bure zinakufikisha mbali kuliko watu wanavyodhani, na ukiamua kulipa basi lipia kitu unachokijua kwa jina ambacho za bure zimeshindwa kukupa. Ila wanaotetea za kulipia wana hoja za kweli, tena moja yao mimi sina la kuijibu.

Tuanze na kazi yenyewe. Picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, haitoki kwa shoti moja, shoti moja ya sekunde 30 imejaa chenga tupu, kwa hiyo unapiga nyingi halafu programu inazipanga nyota kwa nyota na kuchukua wastani, ndio wanaita kustaki. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya shoti: shoti 25 zinabakiza chenga moja ya tano, shoti 100 moja ya kumi, na ukitaka kuzipunguza nusu tena lazima ufike 400. Hesabu hii haijali umelipa au hujalipa. Hesabu za kustaki zinajulikana miaka mingi, Siril inazo, DeepSkyStacker ambayo nayo ni ya bure inazo, PixInsight inazo, na ukiwapa zote shoti zilezile 100 matokeo ya hatua hii yatakaribiana sana. Mtu mwenye shoti 200 na Siril atamshinda mwenye shoti 40 na PixInsight kila siku, na hapa ndipo wengi wanapotea, wanatafuta kwenye programu kitu ambacho kiko kwenye usiku mmoja zaidi wa kukaa nje.

Siril yenyewe ukiiangalia kwa karibu utaona ugumu wake ni wa mwanzoni tu. Unatengeneza foda nne na majina lazima uyaandike vilevile inavyotaka, lights (shoti za anga zenyewe), darks (za kifuniko kimefungwa, muda uleule), flats (za uso mweupe wenye mwanga sawasawa) na biases (za kifuniko kimefungwa, kasi ya juu kabisa), unatupia faili zako humo, unachagua skripti, unabonyeza, unaenda kunywa chai. Kinachowakimbiza watu ni diski. Kamera ya megapikseli 24, faili ya RAW ni MB thelathini hivi kushuka, lakini ikishafunguliwa na kuwa ya rangi kwa biti 32 inakuwa MB 288, zidisha mara 100 ni karibu GB 29, na hiyo ni hatua moja, ikimaliza kuzipanga inaandika seti nyingine ya ukubwa uleule. Laptopu yenye GB 60 zilizobaki inakwama katikati na mtu anasema programu ya bure mbovu. Wala. Nenda kwenye mipangilio weka biti 16, ukubwa unashuka nusu, na foda ya process, ile Siril inamowekea faili zake za kati, ifute kila ukimaliza kazi. PixInsight nayo diski inakula hivyohivyo, na RAM inataka zaidi, laptopu ya GB 8 itatapatapa. Yaani mtu anaweza kulipa laki nane na nusu halafu akagundua anahitaji na kompyuta nyingine, hiyo gharama sijui kwanini haitajwi kwenye hii mijadala.

Sasa nije kwenye anga letu maana ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na wao anga lao sio hili. Sisi tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Ile Nyota ya Kaskazini wanayoitumia kulinganisha traka zao, vile vifaa vinavyozungusha kamera ifuate nyota, kwetu iko chini ya upeo, haionekani, na ncha ya kusi, ile pointi ya kusini ambayo anga linaizunguka, iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, imezama kwenye minazi na kungugu la bahari, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwenye giza zuri. SharpCap, programu ya kuendesha kamera, ina kipengele kizuri cha kulinganisha na ncha, kinalipiwa kwa mwaka kwenye toleo la Pro, ila kinataka kamera ione nyota za jirani na ncha. Pale Raskazone utaziona wapi? NINA, nayo ya kuendesha kamera ila bure kabisa, ina nyongeza ya kulinganisha kwa pointi tatu, unaelekeza kamera sehemu yoyote ya anga iliyo wazi, inapiga, unasogeza traka, inapiga tena, inasogezwa, inapiga ya tatu, inatambua kila picha imeelekea wapi kwa kutumia ASTAP ambayo nayo ni bure, halafu inakwambia skrubu ipi uizungushe na kiasi gani. Kwa mtu wa Tanga hapa cha bure kinamshinda cha kulipia bila ubishi. Mtu wa Ujerumani asingekwambia hivyo kwa sababu kwake tatizo hili halipo.

Jambo la pili la kwetu ni taa na mvuke. Ukikaa Mwambani ukaelekeza kamera upande wa mjini unapata picha ambayo nusu ni rangi ya chungwa, na hata ukienda Pangani kwenye giza la maana bado karibu na upeo wa bahari kuna weupe wa unyevunyevu. Kuondoa huo weupe bila kuifuta nebula yenyewe ndio kazi ngumu kuliko zote kwa picha za pwani. PixInsight ilisifika miaka mingi kwa hili na sifa yake ni ya haki. Ila GraXpert imekuja, bure, msimbo wazi, unaifungulia picha inatafuta mwenyewe mandharinyuma na kuyatoa, tena imeongezewa na kusafisha chenga, na ninavyoona pengo kwenye hatua hii limebaki dogo mno. StarNet nayo inatoa nyota zote kwenye picha ubaki na nebula peke yake uishughulikie, halafu unazirudisha. Bure pia.

Haya, upande wa pili. Hoja ambayo sina jibu lake inaitwa BlurXTerminator. Ni ya Russell Croman, inauzwa karibu dola 100 na inafanya kazi ndani ya PixInsight, kwa hiyo lazima uwe na zote mbili. Inachofanya ni kurudisha ukali uliopotezwa na hewa inayochezacheza na lenzi isiyo kamili, nyota zilizovutika pembeni zinarudi kuwa duara, na nyuzi ndogondogo za ndani ya nebula zinajitokeza. Kwa sisi wenye lenzi za mtumba zinazovuta nyota kwenye kona, na upepo wa kusi unaotikisa stendi, hiki kitu kina maana kubwa sana pengine kuliko kwa mwenye darubini ya mamilioni. Cosmic Clarity ni bure na inajaribu kazi hiyohiyo, imeendelea vizuri, ila nikiziweka picha mbili pamoja macho yangu bado yanaenda kwa BlurX na siwezi kusema vingine ili tu kutetea cha bure.

Hoja nyingine yao ni muda. Rahisi ghali, wanasema, na kwa mtu anayeuzia picha hoteli za Ushongo, mteja anasubiri chapa ya mita moja ya ukutani, kuhangaika programu tano tofauti, hii inatoa nyota ile inasafisha chenga nyingine inapaka rangi, kila moja na namna yake ya kuhifadhi faili, ni siku zinapotea. PixInsight inafanya karibu zote ndani ya nyumba moja na ukikosea hatua unarudi nyuma hatua kwa hatua. Na unalipa mara moja, sio kama Photoshop ambayo mwezi usipolipa mlango unafungwa na kazi zako ziko ndani. Kwangu mimi ukilazimika kuchagua kati ya hela ya mara moja na ile ya kila mwezi, kwa kipato chetu cha msimu, harusi zimejaa mwezi huu na mwezi ujao hamna kitu, chukua ya mara moja.

Lakini wanaposema cha kulipia ndio cha uhakika hapo nawakatalia. Mwaka 2024 Canva waliinunua kampuni ya Affinity, programu za kuhariri picha, mwaka 2025 wakaifanya bure programu ambayo watu walikuwa wanainunua. Uamuzi wa bei uko kwa mwenye mali na unaweza kwenda upande wowote. Na za bure nazo sio kundi moja, hili watu wanalichanganya: RegiStax iliyotumika sana kwa picha za mwezi na sayari, toleo la 6 ni la mwaka 2011 na msimbo wake haukuwa wazi, kwa hiyo mwenyewe akisimama nayo imesimama. Siril ina leseni ya GPL, msimbo uko hadharani, waliopo wakichoka kesho wengine wanaweza kuendeleza. Ukichagua cha bure angalia hilo kwanza.

Na kuna njia ya tatu ambayo wote tunaijua, ile ya kupewa flashi yenye programu iliyokrakiwa. Jamani hapana. Kwanza PixInsight ni timu ndogo tu Hispania, sio kampuni la mabilioni, unakula jasho la watu wachache. Pili hiyo laptopu ndiyo yenye picha za harusi za watu ambazo hujawakabidhi, unaifungulia faili usiyojua limetoka wapi na antivirusi umeambiwa uizime. Kwa nini, wakati Siril ipo halali?

Kama hela ipo na unawashwa kuitumia, mimi kwa Tanga ningeanza na kipasha joto cha kufunga kwenye lenzi, kile cha kuunga kwenye pawabenki. Umande wa kwetu unaanza mapema, saa nne usiku lenzi ishakuwa na ukungu, na shoti zilizopigwa kwenye umande hakuna programu duniani inayoziokoa, si BlurX si nini. Baada ya hapo nauli na mafuta ya kwenda Pangani mara nyingi uwezavyo kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati makundi ya nyota ya Nge na Mshale yanapita juu kabisa, nyuzi 60 na ushee kutoka upeo, mbali na taa na mbali na mvuke. Programu ije ya tatu.

Na ikifika zamu yake, PixInsight wanatoa majaribio ya siku 45, programu nzima bila kufungiwa kitu, na hizo za Croman nazo zina majaribio. Usiziwashe Juni wakati uko nje kila usiku, siku zitaisha laptopu haijafunguliwa. Kusanya shoti zako msimu wa kusi, zihifadhi kwenye diski ya nje na darks na flats zake, subiri masika, mawingu yakishafunga ndio uwashe majaribio. Chukua shoti zilezile uzipitishe Siril na GraXpert mpaka mwisho, kisha uzipitishe PixInsight na BlurX mpaka mwisho, halafu uzichape zote mbili studio kwa saizi unayouzia, usiishie kuzitazama kwenye simu, maana kwa kioo cha simu hiyo tofauti unayoilipia karibu haionekani kabisa.