Nailoni au mshipi wa kusuka? Kwa mvuvi wa boya, nguvu siyo hoja

Ukiingia duka la zana za uvuvi siku hizi, iwe Mwanza, Kisumu au Dar es Salaam, utaoneshwa mishipi ya aina mbili. Kuna nailoni, ule uzi mmoja unaong'aa ambao wengi tumekua nao, na kuna mshipi wa kusuka, mwembamba na laini kama uzi wa cherehani, bei yake juu. Muuzaji atausifia huu wa pili kwa neno moja tu: nguvu. Na hasemi uongo. Mshipi wa kusuka wenye unene wa milimita 0.23 hubeba takriban kilo 9, mzigo ambao nailoni haiwezi kuubeba mpaka unene wake uvuke milimita 0.40.

Lakini anayevua sato kwa boya anazitaka kilo 9 za nini? Sato wa kilo 2 ni wa kwenda kuonyesha majirani, na nailoni ya milimita 0.25, inayobeba kilo 3 hadi 4, inamtoa bila wasiwasi ikiwa breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, imelegezwa vizuri. Hoja ya nguvu ina maana kwa anayetafuta sangara mkubwa au kolekole. Kwa mvuvi wa boya, kuna swali jingine ambalo muuzaji haulizi na mnunuzi hakumbuki: baina ya ncha ya fimbo na boya, mshipi wako unalala wapi?

Anayevua kwa chubwi zito hana haja ya kujiuliza. Chubwi linakwenda chini, mshipi unanyooka, basi. Boya lina mambo yake. Kati yako na boya kuna mita 10, 20, wakati mwingine 40 za mshipi ambao haujavutwa na kitu, na sehemu hiyo ndiyo upepo na mkondo vinachezea. Nailoni ina msongamano wa gramu 1.14 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo ni nzito kidogo kuliko maji na huzama polepole. Mishipi mingi ya kusuka hutengenezwa kwa polietilini yenye msongamano wa 0.97, kwa hiyo huelea. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ziwani ndiyo inayoamua uvue au ushinde ukirusha upya.

Tuchukue Mwanza, kwenye yale majabali ya ufukweni. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ukisimama jabalini unakupuliza mgongoni, kwa hiyo mshipi wowote unakwenda sawa. Jua likipanda upepo unageuka, unatoka ziwani, na kwa kuwa ufuo una kona na ghuba nyingi, mara nyingi unakujia ubavuni. Hapo mshipi unaoelea unaanza kufanya tumbo. Upepo unausukuma juu ya maji, tumbo linakua, linalivuta boya, boya linaburuta chambo. Sato anayekula karibu na tope anaona nyungunyungu anakimbia kama amefungwa kwenye pikipiki, anamwacha apite. Hata akila, ukishtua fimbo unaanza kwanza kulinyoosha lile tumbo, na ndoana inapata habari baadaye sana.

Kwa nailoni kuna dawa, tena ya zamani. Unarusha kupita pale unapotaka boya likae, unatumbukiza ncha ya fimbo majini, unazungusha rili mizunguko michache kwa haraka. Mshipi unazama, upepo unabaki kuchezea maji ya juu, boya linatulia. Waingereza wanaovua kwa boya kwenye mabwawa na maziwa wamelijengea jambo hili mtindo mzima: boya lao la maji yaliyotulia hufungwa upande wa chini tu, ili mshipi wote uwe chini ya maji. Mshipi wa kusuka huwezi kuuzamisha hivyo ukakaa. Utazama sekunde chache, kisha utaibuka. Kuna watengenezaji wanaochanganya nyuzi nzito ndani yake ili uzame, lakini hiyo siyo ile utakayoikuta kwenye rafu za huku kwa kawaida.

Kwa hoja hii peke yake, kwenye maji yaliyosimama na upepo wa ubavu, nailoni inashinda, na haishindi kwa bahati.

Sasa geuza maji yawe ya mtoni. Kwenye Mto Trent kule Uingereza, au mito ya Marekani na Kanada inayomwaga maji katika yale Maziwa Makuu yao, boya halikai mahali pamoja. Linaachiwa lishuke na mkondo mita 30, 40, chambo kikitangulia kidogo, na mvuvi analifuata kwa kuachia mshipi kutoka kwenye rili. Hapa kuzama ni balaa. Mshipi uliozama unakamatwa na mkondo wa katikati, unalivuta boya pembeni, na huwezi kuurekebisha bila kulisogeza boya lenyewe. Mshipi unaoelea unaunyanyua kwa fimbo, unautupa upande wa juu wa mkondo, boya halijui kitu. Ndiyo maana wanaovua wale trauti wakubwa wa kuhamahama waitwao steelhead wengi wao wamehamia mshipi wa kusuka. Na wala si ugunduzi wa juzi: kabla ya nailoni, wavuvi wa mito ya Uingereza walipaka mafuta mishipi yao ya hariri ili ielee.

Pwani tunayo mikondo yetu. Anayevua chuchunge kwa boya dogo kwenye gati au mdomo wa hori, maji yakianza kupwa, anajikuta katika hali ileile ya mtoni: boya linaondoka, naye anataka liondoke bila kuburutwa. Nikiwa pale nachukua wa kusuka bila kufikiri mara mbili.

Hoja inayotajwa sana na watetezi wa kusuka ni kutovutika. Nailoni ikikaribia kukatika huwa imerefuka kwa asilimia 15 hadi 30, kutegemea aina. Polietilini ya kusuka hairefuki zaidi ya asilimia 3 au 4 hivi. Kwa hiyo, wanasema, ukishtua, ndoana inaingia papo hapo. Kweli, ila takwimu ile ni ya mshipi unaokaribia kukatika. Mshtuo wa kawaida wa fimbo laini hauivuti nailoni kiasi hicho. Boya likiwa mita 10 au 15 mbele yako na mshipi umenyooka, mkono wako hautaona tofauti. Boya likiwa mita 40, utaiona sana, hasa kama ndoana ni kubwa na chambo kimeifunika ncha.

Kinachosahaulika ni upande wa pili wa hiyo sifa. Samaki akishika karibu na miguu yako na kugeuka ghafla, nailoni inavutika na kumeza ule mshtuko. Mshipi wa kusuka unaupeleka wote kwenye fundo na kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa samaki. Wengi wanaopoteza sato mita mbili kutoka jabalini husema mshipi ulikuwa dhaifu, wakanunua mwingine mnene zaidi wa kusuka, wakaendelea kupoteza. Wangelegeza breki, au wangebadilisha fimbo ngumu kwa laini, wangepata wanachokitafuta bila kwenda dukani.

Kisha kuna magugu maji. Tangu yaingie Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, kila anayevua kutoka ufukweni ameshakaa mahali palipokuwa wazi asubuhi na mchana pakawa kijani kitupu. Samaki akikimbilia kwenye mizizi ile, nailoni ya milimita 0.25 inajizungusha na kukwama, na ukivuta kwa nguvu inakatika au inakata tamaa kabla yako. Mshipi wa kusuka unakata vimizizi, unapita kama kisu. Hii ni hoja nzito kwa upande wake, na sijaona mtu wa nailoni aliyeijibu vizuri. Wanaovua kando ya magugu wana haki ya kuwa na rili nzima ya kusuka.

Ila majabali yaleyale yanaugeuka mshipi wa kusuka. Kusuka ni mamia ya nyuzi ndogo sana zilizofungamana. Ukivutwa kwa nguvu juu ya ukingo wa jiwe, nyuzi za nje zinakatika moja moja, na mshipi uliokuwa wa kilo 9 unakatika kwa samaki wa kilo 1. Nailoni inachubuka, unaihisi kwa kucha kuwa imepata ukwaruzo, unakata kipande na kufunga upya. Matumbawe ya pwani ni mabaya zaidi kuliko jabali la Mwanza.

Sehemu iliyonifanya niandike haya, hata hivyo, ni ndogo kuliko zote: vile vipande vya risasi vya kubana. Boya linasimama wima kwa sababu ya risasi ndogo zilizobanwa kwenye mshipi chini yake, na namna ulivyozipanga ndiyo inayoamua chambo kishuke upesi au kielee taratibu. Kwenye nailoni unaibana kwa vidole, inakaa, ukitaka unaisogeza kwa mate kidogo. Ibane hivyohivyo kwenye mshipi wa kusuka: inateleza. Baada ya kurusha mara kadhaa, risasi zote zimekusanyika juu ya ndoana kama shanga, na mpangilio wako umekwisha. Ukiibana kwa koleo ili ishike, unaponda nyuzi, na pale ndipo mshipi utakapokatika. Kile kifundo cha kuzuia boya la kuteleza, lile la maji ya kina kirefu, nacho kinahama. Hata vimirija vya mpira vinavyoshika boya havishiki vizuri uzi mwembamba hivyo. Zana hizi zote zilikua pamoja na uzi mmoja. DuPont walitangaza nailoni mwaka 1938. Polietilini hii ya nguvu kwa jina la Dyneema ilianza kuzalishwa kibiashara Uholanzi mwaka 1990. Nusu karne ya boya, risasi na vifundo vilibuniwa huku mshipi wa kusuka wa aina hii ukiwa haupo.

Ongeza na ulaini wake. Mshipi wa kusuka hauna mgongo. Upepo ukipuliza unajizungusha kwenye ncha ya fimbo na kwenye mguu wa boya, na ukijifunga wenyewe fundo kwenye rili, kaa chini, tafuta miwani. Nailoni nayo ina ubaya wake: ikikaa sana kwenye rili inatoka imejikunja kama chemchemi ya kalamu, na ikining'inizwa juani mbele ya duka miezi na miezi inadhoofika kabla hata hujainunua. Wa kusuka ukiutunza unadumu miaka. Ukichakaa upande mmoja unaugeuza kwenye rili na kuanza upya. Kwa hiyo hata ile bei ya juu, ukiigawa kwa misimu, haitishi kama inavyoonekana siku ya kwanza.

Asiye na rili kabisa, anayevingirisha mshipi kwenye chupa au kipande cha mti na kuvuta kwa mkono, asijaribu wa kusuka. Utamkata vidole. Sizungumzii mchubuko, uzi mwembamba namna ile, samaki akikimbia, unaingia kwenye nyama.

Wapo pia wanaoiogopa nailoni kwa sababu wamesikia imepigwa marufuku. Kilichokatazwa na kanuni za uvuvi, Tanzania na Kenya, ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja, kwa sababu zinanasa kila kitu na zikipotea zinaendelea kuua. Mshipi wa ndoana ni jambo jingine. Ila vipande unavyokata vichukue urudi navyo nyumbani. Mnandi, yule ndege mla samaki, aliyefungwa miguu na nailoni hajui kanuni inasema nini.

Wengi waliozoea maji ya aina zote mbili wameishia kuchanganya, na mimi ningefanya hivyo kwa anayemudu rili moja tu. Jaza rili kwa mshipi wa kusuka, chini yake kukiwa na mizunguko ya nailoni ili usiteleze kwenye rili yenyewe. Mbele unganisha nailoni yenye urefu unaozidi kina unachovua kwa mita 3 au 4. Boya, risasi na kifundo cha kuzuia vyote vinakaa kwenye nailoni, ndoana kadhalika. Mawe yanakutana na nailoni, mshtuko wa mwisho unamezwa kidogo na nailoni, na mkondo unakutana na mshipi unaoelea. Upepo wa ubavu bado utakusumbua, maana sehemu kubwa bado inaelea. Ukizidi, shusha ncha ya fimbo mpaka iguse maji na uvue karibu zaidi.

Fundo la kuunganisha ndilo litakalokuumiza kichwa. Kwenye wa kusuka zungusha mara nyingi kuliko kwenye nailoni, karibu mara mbili, kwa kuwa unateleza. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, kata mikia ifupike, kisha upitishe kwenye pete ya ncha ya fimbo ukiwa bado nyumbani. Fundo likigonga pete pale mezani, jabalini litakwama, na litakwama samaki akiwa mwishoni mwa mshipi.