Anasomea ubongo, atakuwa nani?

Katika familia za Wakenya walioko Minnesota, kijana akisema amechagua shahada ya kwanza ya sayansi ya ubongo na neva, huulizwa papo hapo: kwa nini usisome udaktari moja kwa moja? Nairobi au Dar es Salaam swali hilo lina mantiki, kwani mtu humaliza sekondari akaingia kitivo cha tiba. Marekani mlango huo, ukiacha programu chache, haupo. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote mradi biolojia, kemia na fizikia zimo, ndipo ufanye MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Na tangu 2015, sehemu moja kati ya nne za mtihani huo inahusu saikolojia, jamii na misingi ya kibiolojia ya tabia, mambo ambayo mwanafunzi wa neva hukutana nayo kila muhula. Anayedhaniwa kaukimbia udaktari huenda ndiyo kwanza anauendea.

Wanaosema bora uuguzi wana hoja nzito: miaka ileile minne, mtihani wa leseni, kisha mshahara. Shahada ya neva haina leseni. Anayeishia hapo mara nyingi huanza kama msaidizi wa maabara au mratibu wa utafiti, na anayetaka kuongoza utafiti wake kwa kawaida huhitaji PhD, miaka mingine mitano au sita. (Wazazi wengi hawaambiwi kwamba PhD nyingi za fani hii humlipia mwanafunzi ada na kumpa posho.)

Tatizo ni kwamba shahada hii hupimwa kwa jina lake, si kwa ujuzi inaoutoa. Chukua zoezi la mguu wa mende, maarufu katika madarasa ya mwanzo. Mende huwekwa kwenye maji ya barafu hadi atulie, mguu ukakatwa, ukachomwa pini mbili zilizounganishwa na kikuza sauti. Ukivipuliza vinyweleo vya mguu ule, spika inalia pa-pa-pa: hayo ni mapigo ya umeme ya neva. Hadi hapo ni burudani. Jasho linatoka baadaye, katika kutenganisha mapigo hayo na kelele za umeme wa jengo, kuandika programu ya kuyahesabu, na kuamua kwa takwimu kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ya bahati.

Ujuzi wa aina hiyo una soko kwa watengenezaji wa vifaa tiba, na Minnesota ndiko ilikozaliwa kampuni ya Medtronic, ambayo kifaa chake cha kupeleka umeme ndani kabisa ya ubongo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na ugumu wa kutembea. Mhandisi atamshinda kijana wetu kwenye saketi, sikatai. Lakini kuisoma ishara inayotoka kwenye ubongo, hapo hatishiki.

Ninayemhofia ni anayesoma neva kwa vitabu tu. Akifika mwaka wa tatu hajaingia maabara ya profesa yeyote, hana programu aliyoiandika wala data aliyohangaika nayo, wa uuguzi watakuwa wamemshinda kwa haki.