Digirii ya saikolojia ya miaka miwili: kabla hamjauza shamba

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka, watu wa Nakuru na Kisumu hutuuliza sisi tulio Marekani: kweli huko mtu anapata digirii ya saikolojia kwa miaka miwili? Anapata, ila jina lisiwadanganye. Ni digirii ya asosieti, inayotolewa na vyuo vya jamii: krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60 hivi, nusu ya 120 za digirii ya miaka minne. Kwa mizani ya nyumbani, iwekeni karibu na diploma.

Na diploma ya kwetu huizidi kwa jambo moja. Anayesomea ushauri nasaha Kisumu hupelekwa nyanjani akaketi na watu wenye shida. Huku, krediti nyingi humezwa na Kiingereza, hesabu, historia na biolojia. Saikolojia yenyewe ni masomo machache ya krediti 3 kila moja: utangulizi, ukuaji wa binadamu, matatizo ya akili, pengine mbinu za utafiti. Takwimu ndiyo huwatoa jasho waliodhani watafundishwa kuzungumza tu.

Mimi naiona asosieti kama daraja, na daraja lenyewe lina mashimo. Chuo kikuu chaweza kupokea krediti zako kisha kikazihesabu kuwa masomo ya hiari, ukarudia yaleyale kwa karo ya juu. Kwa hiyo chagua chuo kikuu unachokilenga kabla ya muhula wa kwanza, soma makubaliano yake ya uhamisho na chuo chako, kisha kaa na mshauri wa masomo mpange somo kwa somo. Ikwepe asosieti ya ufundi, ile ya mtu anayeingia kazini moja kwa moja; krediti zake huhama kwa taabu. Alama iliyo chini ya C mara nyingi haihami kabisa. Silabasi usitupe hata moja, maana anayekagua krediti huziulizia.

Upande wa visa ya mwanafunzi, iitwayo F-1, ni lazima usome angalau krediti 12 kwa muhula. Kuacha somo linalokuwa gumu, bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kunaweza kuivuruga visa. Kazi ni ya chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwa kawaida mgeni hutozwa karo ya mtu wa nje ya jimbo, iliyo ya juu zaidi. Wanaofanya harambee Ahero wakitarajia mwanafunzi wao atume pesa mwezi wa tatu waambiwe mapema. (Hawapendi kuambiwa.)

Leseni ya ushauri nasaha huku hudai shahada ya uzamili, kwa hiyo asosieti ni mwanzo wa safari ndefu. Mwenye C+ ya KCSE anayetaka kufanya kazi Kakamega au Nakuru ana vyuo vikuu vya Maseno na Egerton mlangoni, miaka minne bila kuhamisha krediti hata moja. Huyo, kwa maoni yangu, abaki.