Meza ya Marehemu Mzee

Jamani, nani aliyewadanganya wake zetu kwamba mwanaume yeyote akishika msasa tayari ni fundi?

Nina meza ya mninga niliyorithi kwa marehemu baba. Ina miaka zaidi ya 40 na haijawahi kumkosea mtu. Juzi kuna mtu (simtaji, ila nimemwoa) kaepua sufuria ya wali jikoni na kuitua pale juu kavukavu. Ilipoinuliwa, duara jeupe hilo, utadhani mwezi umeshukia sebuleni.

"Baba Neema, mama anakuja Jumapili. Hebu ifute hiyo."

Ifute! Nikampigia fundi mmoja wa Keko, akanielekeza bure kabisa. Alama nyeupe ni unyevu tu umenaswa kwenye vanishi, mbao yenyewe haina habari. Sugua taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uwe na subira. Ingekuwa nyeusi, hapo maji yameshazama kwenye mbao, ndiyo umwite. Mimi nikaona huyu ananichelewesha. Nikaenda dukani, nikachukua msasa namba 60.

Kumbe msasa, kadiri namba inavyopungua ndivyo unavyokwangua! 60 ni wa mbao zilizotoka kupasuliwa. Wa kumalizia ni 240 na kuendelea. Mimi nilidhani namba ndogo ni ya wanaoanza, kama darasa la kwanza.

Dakika kumi tu, duara kwisha. Pale lilipokuwa pamebaki bonde, ukiweka kikombe kinainama kama kinakuamkia. Na vumbi la mninga lilivyonipanda puani, nilipiga chafya mpaka jirani akaja kuuliza kama tumefiwa.

Ikabidi nipige vanishi meza nzima. Mwezi wa nne huo, masika, Dar. Kanga ya juzi bado mbichi kwenye kamba, halafu mimi nasubiri vanishi ikauke! Jumamosi usiku bado inanata, mbu wawili na unyoya wa kuku wameshapata makazi ya kudumu. Mama Neema, kuficha aibu, akatandika vile vitambaa vyake vya kufuma.

Juu ya vanishi mbichi.

Jumapili mama mkwe huyo. Shikamoo mama, marahaba baba. Hajakaa sawasawa, anataka kuiona meza. Akavuta kitambaa, kikagoma. Akavuta kwa nguvu, kikang'oka na kuacha nyuzi, na chini yake maua yote yamejichapa kwenye meza, petali kwa petali. Nikaanza kutafuta viatu kwa miguu.

"Ee baba! Nakshi yote hii umetia mwenyewe?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

"Ndiyo, mama."

Kabati lake la vyombo linakuja Jumamosi kwa Kirikuu. Nauli kasema nitalipa mimi.